MTOTO MDOGO ACHEZE NA NINI?

Wengi wetu tuko na wadogo nyumbani, na wenzetu wa sehemu ya pedagojia watafundisha watoto kesho. Basi somo hili ni letu sisi wote.

Siku za Bonane nilimnunulia mdogo wangu wa miaka 4 motokari ya betri sokoni. Feza yangu yote ya likizo iliishia mule. Motokari ilitembea siku mbili, kisha ikanyamaza. Yeye hakulia. Alichukua kopo la sardini, akafunga kamba, akapakia mchanga, akaniita: "Yaya, hii ni treni, inaenda Kabalo!" Aliichezea mpaka masomo yakafunguliwa. Mimi ndiye niliyelia, juu ya feza.

Toka siku ile ninauliza maswali matatu mbele ya kununua ao kutengeneza kitu cha kuchezea.

1. Nani anafanya kazi, mtoto ao kitu? Motokari ilijiendesha, mtoto akatazama tu. Kopo lilimngoja afikiri. Friedrich Fröbel, aliyefungua shule ya watoto wadogo kule Ujerumani mwaka 1837, aliwapa mipira na vipande vya mbao, wajenge na kubomoa. Mpira wa matambara, udongo wa mfinyanzi, sanamu ya kigunzi cha mahindi iliyovikwa kitambaa, vyote ni vya namna ile.

2. Kinafaa umri wake? Kisolo kinafundisha kuhesabu, lakini mawe yake si ya mtoto wa miaka 2, atayatia kinywani. Kule Ulaya wanapima kwa kopo dogo lenye upana wa karibu milimeta 32: kitu kinachoingia mule chote hakiruhusiwi kwa mtoto asiyetimiza miaka 3.

3. Kinaweza kumuumiza? Kando za kopo zipondwe kwa jiwe, ncha za waya zikunjwe. Zaidi sana muogope betri ndogo za duara, mfano wa kifungo. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kumchoma ndani kwa saa 2 tu. Musingoje kesho, mumpeleke hospitali palepale.

Mtu atasema: "Makopo na matambara ni ya maskini." Hapana. Sikatazi soko. Mpira mzuri wa sokoni unapita maswali yote matatu, na kopo lenye kutu halipiti. Tusiangalie bei, tuangalie mtoto.

MASWALI

a) Nyumbani kwenu, ni kitu gani mtoto anachokichezea siku nyingi? Kwa sababu gani?
b) Kiko na kipande kidogo ao betri inayoweza kutoka?
c) Jumamosi hii mtengenezee mdogo wako kitu kimoja. Kisha ukae karibu, umuache acheze yeye mwenyewe.