Kufunga Dishi Butembo na Beni: Kwa Mgeni Anayetoka Pwani, Nairobi au Kampala

Mtu anayehamia Butembo kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala mara nyingi hufungasha dekoda katikati ya nguo. Anajua kwamba huko aendako Kiswahili kipo, lakini taarifa ya habari ya nyumbani haipo, wala mechi ya Simba na Yanga. Anafanya vyema. Miezi ya kwanza ya ugenini ina upweke wake, na watoto wanahitaji kitu wanachokijua ndani ya nyumba wasiyoijua. Tatizo huja dekoda ikishafika: wengi hupandisha dishi kwa vipimo vya kwao, na siku nzima inaishia juu ya bati. Butembo na Beni, miji ya Kongo, zimekaa karibu kabisa na ikweta, na hapo setilaiti hazitafutwi kama zinavyotafutwa pwani.

Kwanza ununuzi. Ukiingia kwa mpaka wa Kasindi, tangaza dekoda yako kwa watu wa forodha, DGDA, na ukilipa chochote omba risiti. Dishi lenyewe usilibebe. Butembo ni mji wa wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Dubai na Guangzhou, na madishi, nguzo, waya na LNB (kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) utavikuta madukani. Uliza "parabole", ndivyo wenyeji wanavyoliita dishi. Chukua la sentimita 90 badala ya 60, kwa sababu mvua za huku ni nzito na dishi dogo hupoteza picha mapema wingu likitanda. Bei nyingi ni za dola, na noti iliyochanika hata kidogo pembeni haipokelewi na mtu yeyote, kwa hiyo kagua chenji yako papo hapo. Nunua pia adapta ya soketi: plagi ya pini tatu bapa ya Kenya, Uganda na Tanzania haiingii kwenye soketi za Kongo, ambazo zina matundu mawili ya duara.

Sasa mwelekeo. Setilaiti za televisheni zimepangwa juu ya ikweta, na wewe unaishi chini ya mstari huohuo. Kwa hiyo kutoka Butembo zote zinakaa kwenye njia moja inayotoka mashariki, inapita utosini na kushukia magharibi, karibu sawa na njia ya jua mwezi wa Machi na wa Septemba. Azam TV inarusha kutoka nyuzi 7 mashariki. Kutoka Dar au Mombasa unaitafuta magharibi, ikiwa imepinda kidogo kaskazini, kwenye mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Kutoka Butembo iko magharibi kamili, na mwinuko unapanda hadi kama nyuzi 64. DStv ya Afrika Mashariki, iliyo nyuzi 36 mashariki, iko upande wa pili, mashariki, na ni juu mno: nyuzi 82. Beni, kilomita kama 50 kaskazini, tofauti ni ndogo kiasi kwamba vipimo hivyohivyo vinatosha kuanzia.

Usitishwe na namba hizo ukadhani dishi litalala chali kama sinia. Dishi la siku hizi, lile ambalo mkono wa LNB unatokea chini, hupokea mawimbi kutoka juu zaidi ya pale uso wake unapotazama, tofauti ya nyuzi kama 25. Kwa Azam uso utaegemea nyuma nyuzi 40 tu kutoka wima. Namba zilizochongwa kwenye kifungio zimeshaizingatia tofauti hiyo, kwa hiyo weka 64 pale pale palipoandikwa 64. Ila kagua kifungio ukiwa bado dukani: vingine vinaishia nyuzi 60 au 70, na mtu wa DStv atajikuta amelipia chuma kisichoweza kufika anakotaka.

Mwinuko huo mkubwa una jambo ambalo mafundi wa huku wanalijua kwa mikono. Dishi likitazama juu sana, kulizungusha kushoto na kulia hakubadilishi mengi. Kwa DStv, ukilizungusha nyuzi 10 nzima, shabaha yako angani inasogea nyuzi moja na kidogo tu. Skrubu za kupandisha na kushusha ndizo zinazoamua. Anayetoka sehemu ambako setilaiti iko chini amezoea kinyume chake: analegeza nguzo, anazungusha, anazungusha tena, na dekoda haisemi kitu. Legeza skrubu ya mwinuko, isogeze upana wa kucha, ngoja dekoda ipumue sekunde chache, kisha isogeze tena. Na kwa kuwa mwinuko ndio kila kitu, nguzo lazima isimame wima kabisa. Pima kwa pimamaji pande mbili kabla saruji haijakauka, kwa sababu nguzo iliyoinama hufanya kila namba ya kifungio iwe uongo.

Kuna faida pia katika mwinuko huo. Butembo ni mji wa vilima, nyumba ya jirani inaweza kuwa juu ya paa lako, na mikaratusi iko kila mahali. Kwa Azam, ukuta uliopanda mita 3 juu ya dishi unazuia tu ukiwa karibu kuliko mita moja na nusu upande wa magharibi. Kwa hiyo huhitaji kupanda juu ya nyumba. Simika nguzo kwenye parsele, yaani kiwanja cha nyumba, chini, mahali unapoweza kulifikia dishi bila ngazi, na umwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kuchimba. Bati lililotobolewa kwa skrubu za dishi huvuja mvua ya kwanza, na ugomvi unaofuata hauishi haraka. Kama nyumba ni ya mbao, usifunge dishi ukutani hata kidogo: mbao zinatikisika, na upepo unatosha kuiondoa picha.

Ukipima kwa dira ya simu, simama mbali na bati na nguzo ya chuma, maana chuma huivuta dira. Na kipimo kizuri kuliko dira kinapatikana bure mara mbili kwa mwaka. Siku za karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti. Kati ya saa saba na nusu na saa nane mchana, kwa saa za Butembo, jua liko mahali hasa setilaiti ya Azam ilipo. Kwa DStv ni karibu saa tano na nusu asubuhi. Kama wakati huo kivuli cha mti kimeangukia dishi lako, mti huo ndio unaokuzuia. Siku hizohizo picha itakatika kwa dakika chache, kwa kuwa mawimbi ya redio ya jua yanayafunika ya setilaiti. Usiguse skrubu yoyote. Picha itarudi yenyewe.

Tunafika kwenye LNB, na hapa ndipo naomba usome polepole. Mawimbi ya setilaiti yanakuja ya aina mbili, ya wima na ya mlalo, na LNB lazima ikae kwa pembe inayolingana nayo. Kadiri mtu anavyokaribia ikweta huku setilaiti ikiwa mashariki au magharibi yake, ndivyo pembe hiyo inavyogeuka. Butembo inafika karibu nyuzi 90. Maana yake, LNB ambayo kwenye picha ya maelekezo imesimama huku tundu la waya likitazama chini, hapa inalazwa ubavu, tundu likitazama pembeni. Kulia au kushoto ni mamoja. Aliyetoka Nairobi na DStv atashangaa zaidi, kwa kuwa huko setilaiti hiyo iko karibu utosini na LNB yake ilihitaji kugeuzwa kama theluthi tu ya kiasi hicho. Ukiiacha LNB wima, dekoda inaweza kuonyesha nguvu ya mawimbi vizuri kabisa halafu isipate chaneli hata moja. Watu wamebadilisha dekoda nzima, wamelaumu kadi, wamelaumu kampuni, na kumbe ilikuwa kulegeza bolti moja na kugeuza mkono.

Angalia fundi anayejua kazi anavyofunga waya kwenye LNB. Anachuna ganda la nje kama sentimita moja na nusu, anakunja zile nyuzinyuzi za shaba kurudi nyuma juu ya ganda, kisha anachuna plastiki nyeupe ya ndani mpaka uzi wa katikati ubaki uchi. Halafu anainua waya usoni na kuukagua kwenye mwanga. Unyuzi mmoja ukigusa uzi wa katikati, dekoda itaandika kwamba LNB ina shoti. Akishakaza konekta anaivika mpira au utepe, na anauacha waya uning'inie kitanzi kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye dekoda.

Na radi. Mwaka 2016 watafiti waliochambua kumbukumbu za miaka 16 za setilaiti ya TRMM walitaja sehemu zinazopigwa radi kuliko zote duniani. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo la Venezuela, ya pili Kabare, nayo ya Kongo, na Butembo ilikuwa miongoni mwa kumi za kwanza barani Afrika. Anayetoka pwani hajawahi kuishi chini ya anga kama hili, na dishi ni chuma kilichounganishwa moja kwa moja na televisheni ya sebuleni. Fanya mambo mawili bila kuahirisha. Pigilia ardhini fimbo ya shaba, mita moja na nusu au zaidi, mahali penye unyevu, na uiunganishe na nguzo ya dishi kwa waya mnene, njia fupi isiyokuwa na kona kali. Pili, ukisikia ngurumo ya mbali, chomoa waya wa umeme na pia waya wa dishi nyuma ya dekoda. Wengi huchomoa umeme tu, wakati radi inapita pia kwenye waya wa dishi. Ngurumo ikishakaribia, usiuguse tena. Wafundishe watoto na msaidizi wa nyumbani jambo hili siku ileile unayofunga.

Kwenye menyu ya dekoda, chagua LNB ya aina ya Universal, 9750 na 10600, isipokuwa karatasi ya dekoda yako inasema vingine. Utaona mistari miwili. Wa nguvu hupanda hata dishi likitazama ukuta, mradi LNB inapata umeme. Wa ubora ndio wa kuufuata, na ndio unaonong'oneza kwamba uko karibu. Ukishaupata, kaza bolti moja moja kwa zamu huku ukiutazama, maana bolti ya mwisho hupenda kulivuta dishi. Kama madishi mawili yanaingia kwenye dekoda kupitia swichi moja, hakikisha kila setilaiti imepewa namba yake ya tundu.

Saa iweke GMT+2. Mechi iliyotangazwa Dar kuwa saa moja usiku, huku ni saa kumi na mbili jioni. Kinshasa nayo iko nyuma yako kwa saa moja, hivyo habari za RTNC za saa mbili usiku za kule unazipata saa tatu.

Kuhusu malipo, Airtel Money, Orange Money na M-Pesa ya Vodacom zipo Kongo, lakini si zile za nyumbani kwako, na dekoda iliyosajiliwa Tanzania hulipwa Tanzania. Mwachie ndugu namba ya kadi akulipie. Kama unataka huduma ya hapa, Canal+ ina mawakala katika miji yote miwili, na nyuzi za setilaiti yake watakupa wao.

Umeme nao upange mapema. Upande wa Beni, Hifadhi ya Virunga ilianza kuzalisha umeme wa maji Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013, lakini sola na betri bado ni nguzo ya nyumba nyingi. Chagua televisheni na dekoda zinazotumia volti 12 moja kwa moja. Betri itakaa muda mrefu zaidi kuliko ukipitia inveta.

Mkoa zilipo Butembo na Beni uko chini ya hali ya hatari, uongozi wa kijeshi, tangu Mei 2021. Mgeni aliye juu ya paa jioni, ameshika simu hewani na chombo kinachotoa mlio, anaweza kueleweka vibaya. Fanya kazi mchana, mjulishe chefu, yaani kiongozi, wa nyumba kumi na uwasalimie majirani, papa na mama wa parsele zinazokuzunguka, kabla hujaanza. Mara nyingi mmoja wao atatoka na ngazi, na ana dishi la miaka mingi linaloonyesha wazi pa kuelekea.

Nunua pia redio ndogo ya betri. Dishi litakuletea Dar na Kampala, lakini halitakuambia kilichotokea usiku kwenye barabara ya Kasindi. Hilo utalisikia Radio Moto ya jimbo katoliki la Butembo-Beni, au Radio Okapi, inayotangaza tangu 2002 na Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Isikilize asubuhi kabla hujapanda gari.