Soma Sanduku Kabla ya Kulipa: Runinga Janja na Pesa za Ndengu

Ndengu zikishauzwa, maduka ya Kyuso, Katse na Tseikuru hupanga mbele masanduku bapa yenye picha za rangi kali, na juu yake neno moja kwa herufi kubwa: "Smart". Mkulima akiwa na pesa za msimu mfukoni, na karo ya muhula bado haijalipwa, hupewa dakika kumi za kuamua. Anachoelezwa katika dakika hizo ni ukubwa wa skrini na bei. Yale mengine yote yamechapishwa ubavuni mwa sanduku kwa herufi ndogo, na ndiyo yatakayoamua ni pesa ngapi zitatoka nyumbani kila mwezi baada ya runinga kufika.

Makala haya ni somo la kusoma herufi hizo. Kaunti haipendekezi kampuni wala duka lolote, na wala hatusemi mtu asinunue. Burudani ni haki ya kila nyumba, hata ile ya Ngomeni ndani.

Dijitali si sawa na janja

Wengi tunakumbuka mwaka wa 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analogi. Runinga za zamani zikawa hazionyeshi kitu bila king'amuzi. Matangazo yetu ya dijitali ya ardhini hutumia mfumo unaoitwa DVB-T2, kwa hivyo tafuta herufi hizo kwenye sanduku. Zikiwapo, runinga ina king'amuzi chake ndani, na kwa stesheni za bure utahitaji antena peke yake. Ukiona DVB-T bila ile 2, huo ni mfumo wa awali na hautanasa matangazo hayo. Herufi S2 ni za dishi.

Kuhusu antena, usimsikilize sana muuzaji. Kwetu kuna vilima, na nyumba iliyo nyuma ya kilima hukosa mawimbi ambayo ya ng'ambo inayapata vizuri. Muulize jirani aliye upande wako wa kilima anatumia antena gani, imefungwa juu kiasi gani na imeelekezwa wapi.

Runinga janja ni jambo jingine. Hiyo ni kompyuta ndogo iliyofichwa nyuma ya skrini. Inafungua YouTube, Netflix na programu nyingine, mradi iwe na intaneti. Bila intaneti, inabaki kuwa runinga ya dijitali ya kawaida ambayo umeilipia zaidi.

Na intaneti hiyo si kidogo. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, picha ya kiwango cha kawaida hutumia hadi gigabaiti 1 kwa saa, ya HD hadi gigabaiti 3, na ile ya juu kabisa ya 4K hadi gigabaiti 7. Filamu moja ya saa mbili kwa HD ni gigabaiti 6. Chukua bei ya bando unalonunua kwa simu, ulizidishe ufikie 6, kisha ujiulize familia itatazama filamu ngapi kwa wiki. Mwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi, iwe ya mnara au ya setilaiti kama Starlink iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka wa 2023, hatasumbuka na hesabu hii. Anayetegemea bando la simu atasumbuka nayo sana, ila anaweza kuingia kwenye mipangilio na kushusha ubora wa picha hadi 480. Kwenye skrini ya inchi 32, ukikaa mita mbili kutoka kwake, picha bado inatazamika.

Si burudani tu. Shule zilipofungwa Machi 2020, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha masomo kwa redio, runinga na YouTube. Nyumba iliyokuwa na skrini ilikuwa na darasa. Sababu hiyo inatosha mzazi kununua. Ila masomo ya runinga ya kawaida hayakuhitaji runinga janja.

Kuna mtego mwingine ndani ya neno hilo. Runinga nyingi za bei ya chini hutumia programu ya Android ya wazi, ambayo haijaidhinishwa na Google. Kwenye sanduku imeandikwa "Android" na ni kweli, lakini baadhi ya programu hazifunguki, au zinafunguka na kukataa kucheza. Haya nayajua kwa gharama yangu. Nilipopata kazi ya kwanza nilinunua moja katika duka fulani jijini, nikaibeba kwa basi hadi nyumbani, na programu niliyoitaka haikufunguka hata siku moja. Muuzaji alinionyesha risiti na maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Nikarudi nayo.

Kwa hivyo usilipe kabla haijawashwa. Mwombe muuzaji aitoe kwenye sanduku, iunganishe na intaneti ya simu yako, fungua YouTube na ile programu unayoitaka hasa, uitazame dakika kumi. Angalia pia kumbukumbu yake: gigabaiti 1 ya RAM na 8 za kuhifadhi huanza kukwama mapema, programu zinapozidi kuwa nzito. Muuzaji akikataa kuiwasha, nenda duka linalofuata.

Stima, na mwisho wa laini

Tafuta sasa herufi W, yaani wati. Runinga ya LED ya inchi 32 kwa kawaida hula wati 40 hadi 60. Ya inchi 43 hukaribia 80 au zaidi. Zidisha wati kwa saa unazotazama kwa siku, kisha kwa siku 30, ugawanye kwa 1,000. Jibu ni yuniti za stima kwa mwezi. Inchi 43 ya wati 80, ikiwashwa saa tano kila siku, ni yuniti 12.

Mbona yuniti 12 ziwe jambo? Kwa sababu tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani imegawanywa kwa madaraja: anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi yuko daraja la chini kabisa, wa 31 hadi 100 daraja la kati, na anayezidi hapo la juu. Hukadiriwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 22 kwa taa, simu na redio, ikiongeza 12 za runinga, inafika 34 na kupanda daraja. Hapo tokeni za pesa zile zile zinaleta yuniti chache, na baba anaanza kulaumu mita.

Tazama pia volti. Stima ya Kenya ni volti 240, lakini mwisho wa laini, mbali na transfoma, hushuka jioni watu wote wanapowasha, kisha hupanda ghafla. Sanduku lililoandikwa 100–240V lina runinga inayovumilia kushuka huko. Lililoandikwa 220–240V halivumilii sana. Kwa vyovyote nunua kile kifaa cha kulinda runinga ambacho mafundi hukiita gadi, na radi zikianza wakati wa mvua, chomoa waya wa stima na wa antena pia. Watu husahau antena.

Kwa wasio na stima ya laini

Nyumba nyingi za Mwingi Kaskazini zinatumia sola, na hapa ndipo herufi ndogo zina uzito zaidi. Runinga ya sola huandikwa DC 12V: inachota moja kwa moja kutoka kwenye betri. Runinga ya kawaida huandikwa AC na inahitaji inveta katikati, na inveta hupoteza sehemu ya nguvu kila inapofanya kazi.

Tuchukue betri ya maji ya volti 12 na saa-ampea 50. Kwa hesabu ni wati-saa 600, lakini betri ya aina hiyo ikimalizwa zaidi ya nusu kila siku hufa mapema. Una 300 za kutumia. Runinga ya AC ya wati 50 kupitia inveta itakaa kama saa tano, na hapo hujawasha taa wala kuchaji simu. Runinga ya DC ya inchi 24, ambayo nyingi hula wati 20 hivi au chini, itakaa jioni yote na taa zibaki. Kwa nyumba ya sola, mimi ningechagua skrini ndogo ya DC na wala nisingeona haya.

Mitambo hii mara nyingi huuzwa kwa kulipa polepole. Mtindo huu umekomaa hapa hapa Kenya. M-KOPA ilianza kuuza sola kwa njia hiyo mwaka wa 2012, malipo yakipitia M-Pesa, na kampuni nyingine zikafuata. Mtambo una kadi ya simu au namba ya siri ndani yake: ukilipa unafunguka, usipolipa unajifunga. Umezipa mwanga familia ambazo hazingeweza kamwe kutoa pesa zote mara moja, na hilo lisidharauliwe.

Lakini mteja huambiwa malipo ya siku, na malipo ya siku hayatishi mtu. Tuseme, kwa mfano tu, malipo ya kwanza ni shilingi 4,000, kisha shilingi 60 kwa siku kwa siku 600. Siku 600 mara 60 ni 36,000. Ongeza 4,000, umelipa 40,000. Kama bei ya taslimu ni 26,000, umelipa 14,000 kwa ajili ya muda. Huenda bado inakufaa, maana huna 26,000 leo. Ila ijue kabla ya kuweka sahihi.

Kisha uliza maswali mawili ambayo wauzaji wa sokoni hawayapendi. La kwanza: mvua ikikosa nami nishindwe kulipa mwezi mzima, je, siku zinasogezwa mbele tu, au mtambo unachukuliwa? Ukichukuliwa, nilicholipa kinarudi kiasi gani? La pili: waranti inaisha lini? Katika mfano wetu malipo yanachukua karibu miezi 20. Waranti ikiwa ya mwaka mmoja, kuna miezi minane ambayo skrini inaweza kufa na wewe uendelee kuilipa. Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza na hukielewi, una haki ya kurudi nao nyumbani mwanao akusomee.

Wufa za wati elfu kumi

Hili ni fupi. Wufa huandikwa "10,000W PMPO". Namba hiyo haina maana yoyote ya kila siku. Ni kilele cha kufikirika kisichodumu hata sekunde. Geuza wufa nyuma usome inachota wati ngapi kutoka ukutani. Ikiwa ni 60, haiwezi kutoa 10,000, hata ikipigwa harusini. Linganisha kwa wati za RMS.

Alama, risiti na pa kulalamikia

Kifaa halali huwa na alama ya Shirika la Viwango, KEBS. Alama yenyewe huigwa, kwa hivyo tuma ujumbe wa SM# ukifuatwa na namba iliyo chini ya alama kwenda 20023, nawe utajibiwa namba hiyo ni ya nani. Ikiwa jibu linataja unga wa ngano na wewe unashika runinga, umeokoa pesa zako.

Dai risiti yenye modeli na namba ya siri ya kifaa. Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, na ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakazia hayo. Maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hayaifuti haki hiyo kifaa kikiwa kibovu. Laiti ningalijua siku ile. Na kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti usimamizi wa biashara ya haki, malalamiko yako yanaweza kupokewa na idara ya biashara ya kaunti. Njoo na risiti, sanduku na kifaa chenyewe. Bila risiti tunabaki kusikiliza tu.

Runinga nayo hutazama

Mwaka wa 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ililipa dola milioni 2.2 baada ya kudaiwa kwamba runinga zake milioni 11 zilirekodi wenyewe walichotazama bila idhini yao. Ukiwasha runinga janja mara ya kwanza, itakuuliza ukubali mambo mengi. Yale ya kukusanya taarifa za utazamaji yanaweza kukataliwa na runinga ikafanya kazi vilevile. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uombwe ridhaa waziwazi. Na kabla ya kuuza au kumpa ndugu runinga yako, ifute kabisa kwenye mipangilio, la sivyo anaichukua pamoja na akaunti yako.

Zoezi

Fanya na watoto, kwa kalamu. Runinga ya wati 65 huwashwa saa nne kwa siku. Inauzwa 24,000 taslimu, au malipo ya kwanza 5,000 na 80 kwa siku kwa siku 365. Itakula yuniti ngapi kwa mwezi, na kulipa polepole kunaongeza kiasi gani?

Majibu: yuniti 7.8, shilingi 10,200.