Mutoto Mwenye Manjano: Wanapima Nini Mbele ya Kubadilisha Ini?

Mama, siku ya kupima kilo utazame macho ya mutoto wako, na kitambaa chake pia. Wachanga wengi wanapata manjano ya siku chache, inaisha yenyewe. Lakini kama imepita siku 14, mavi ni meupe kama bukari na mukojo una rangi ya chai, usingoje jua la asubuhi limuponyeshe. Pengine njia za nyongo zimeziba. Kuna upasuaji unaoitwa Kasai (ni jina la munganga wa Japani, si Kasai yetu!). Unafaa zaidi kama mutoto hajatimiza siku 60.

Ukishindwa, inabaki kubadilisha ini. Huko Johannesburg, katika hospitali ya Wits Donald Gordon, tangu 2013 wanawapa watoto kipande cha ini la mutu muzima aliye hai, mara nyingi muzazi.

Lakini hawapasui mara moja. Wanapima damu: ni grupu gani, inaganda vizuri? Wanapiga eko ya tumbo, waone mishipa inayoingia ndani ya ini. Wanatazama moyo, mapafu, kifua kikuu, hata meno. Kilo peke yake inadanganya, sababu tumbo lenye maji linaongeza uzito. Kwa hiyo wanapima mukono. Aliyekonda sana wanamulisha kwanza, pengine kwa mupira wa puani. Na karti ya chanjo, usiipoteze! Chanjo ya surua inapashwa kutangulia, maana kisha upasuaji mutoto atameza kila siku dawa zinazopunguza kinga ya mwili.

Mwenye kutoa anapimwa vilevile. Mwenye mimba hakubaliwi. Wanamuuliza peke yake, mbali na jamaa: umependa mwenyewe, ama wamekusukuma? Akisema hapana, ni haki yake. Akitoa, ini lake linakua tena. Mwaka 2017, palepale Johannesburg, mama mwenye virusi vya sida, aliyekuwa akimeza dawa zake vizuri, alimutolea mutoto wake asiye na virusi. Mutoto alipewa dawa za kumukinga mbele ya upasuaji.

Watauliza na mambo ya nyumba: maji safi, feza za dawa za maisha yote, nani atalinda watoto wengine. Sema kweli tu, hawakuulizi kwa kukuhukumu.

Basi, ukija kwetu na mutoto wa manjano, kile kitambaa usikifue. Tunataka kuona rangi.