Staa Mmoja Habebi Timu

Wengi tunadhani chuo chenye staa mmoja wa tenisi kombe ni lake. Tuangalie Marekani, daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Timu 64 huingia: mabingwa wa kanda moja kwa moja, nyingine huchaguliwa na kamati. Kila pambano lina pointi 7. Mechi tatu za wawili wawili huzaa pointi 1 tu, kwa atakayeshinda mbili. Mechi sita za mmoja mmoja, kila moja pointi 1. Wa kwanza kufikisha 4 kashinda. Kocha hupanga wachezaji kwa uwezo, namba 1 hadi 6. Hakuna kumficha mkali huko chini. Sasa piga hesabu: staa akishinda mechi yake, bado pointi 3. Namba 6, mazoezini hukwepi!