Kufundisha Vita vya Tanga vya Mwaka 1914: Zaidi ya Kisa cha Nyuki

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa la sita nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha habari za Vita vya Tanga. Aliwasimulia watoto jinsi nyuki walivyotoka mizingani na kuwashambulia askari wa Waingereza. Darasa zima lilicheka. Ndipo msichana mmoja alipoinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, wale askari Waafrika walikuwa wakipigania nini?" Mwalimu alitazama saa yake, akafuta ubao. Makala haya yanakusudia kumwezesha mwalimu asilikimbie swali la namna hiyo.

Mambo ya kujua kabla ya somo

Mwaka 1914 Tanga ilikuwa bandari ya koloni la Wajerumani, na reli iliiunganisha na Moshi. Tarehe 2 Novemba meli ya kivita ya Waingereza, Fox, iliingia bandarini, na nahodha wake akadai mji usalimishwe. Mji haukusalimishwa. Usiku ule askari wa kwanza wakaanza kuteremshwa Ras Kasone, nje ya mji. Jeshi hilo lilikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliotoka katika safari ndefu ya baharini.

Wajerumani walitumia muda huo kuleta askari kwa reli kutoka upande wa Kilimanjaro. Tarehe 4 Novemba kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao Waafrika. Jioni ya siku hiyo washambuliaji walikuwa wamerudishwa nyuma, na kesho yake walipanda meli na kuondoka. Waliouawa, kujeruhiwa au kupotea kwa upande wao walizidi 800. Waliacha mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Mji huo ulikuja kutekwa na Waingereza mwezi Julai 1916.

Nyuki walikuwako kweli, lakini waliwauma watu wa pande zote mbili. Mwenye kusema kwamba nyuki ndio walioshinda vita anaficha sababu zenyewe: kuchelewa kwa washambuliaji, uchovu wao, kutoijua nchi, na reli iliyowahi kuleta msaada.

Hatua za somo

Kwanza, chora ubaoni ramani yenye bahari, bandari, Ras Kasone, mji na reli. Waulize wanafunzi: "Ungekuwa kamanda wa mji, ungehitaji nini upesi?" Waache waigundue reli wenyewe.

Pili, simulia matukio kwa mpangilio wa tarehe, nao waandike mstari wa wakati katika madaftari. Kisa cha nyuki kisitangulie. Kije mahali pake.

Tatu, wagawe katika vikundi. Kila kikundi kijadili: Ni nani waliopigana? Ni nani waliowatuma? Mji ulikuwa wa nani? Hapa ndipo swali la yule msichana linapopata nafasi. Watoto wataona kwamba Mwafrika na Mhindi waliuana kwa ajili ya ugomvi wa Ulaya. Usiwaambie kwamba askari wote walilazimishwa, wala kwamba wote walipenda; wako waliofuata mshahara na heshima ya kazi.

Nne, waeleze habari za wapagazi. Katika vita vya Afrika ya Mashariki, vilivyoendelea hadi Novemba 1918, makumi ya maelfu yao walikufa, hasa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Mtoto anayelitamka jina hilo kila siku anastahili kujua asili yake.

Kupima somo

Usiulize tarehe peke yake. Mwambie kila mwanafunzi aandike aya moja akieleza kwa nini jeshi kubwa lilishindwa na dogo, na nyingine akieleza wananchi walipata nini katika vita hivyo.

Ndugu mwalimu, mtoto akikuuliza swali usiloweza kulijibu papo hapo, liandike ubaoni, uliache hapo hadi kipindi kijacho. Ubao uliofutwa upesi humfundisha mtoto kunyamaza.