Nguo ya Sadaka: Je, Wewe Ungeipokea?



Aprili 2024 Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuwatoa watu majumbani mwao huku Rumonge, sisi wanafunzi wachache tuliokuwa nyumbani Bugarama tulikusanya nguo za kuwapelekea. Tulijaza magunia manne. Nami nilitoa shati langu ambalo nilikuwa nimeacha kulivaa kwa sababu limechanika kwapani. Nikajihesabu kuwa nimetoa.

Mama mmoja mtu mzima alilishika shati lile, akapitisha vidole kwenye tundu, akacheka. "Mwanangu," akasema, "maji yamechukua nyumba, hayakuchukua macho."

Sikumwambia kuwa ni langu. Wiki iliyofuata nililikuta mtaroni pamoja na nguo nyingine kadhaa tulizopeleka. Watu waliokosa pa kulala tuliwapa na kazi ya kutupa taka zetu.

Nilipofungua Sura Al-Baqara, aya ya 267, nilikutana na yale macho ya mama. Allah (S.W.) anatukataza kukusudia kilicho kibaya tukitoe, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Imepokewa kutoka kwa Al-Baraa bin Azib (R.A.) kuwa iliteremka kuhusu tende: baadhi ya watu wa Madina walikuwa wakitundika msikitini vichala vibovu ili maskini wale.

Je, maana yake nguo iliyovaliwa haifai kutolewa? Hapana, na hapa fiqhi inatusaidia sana. Katika kafara ya kiapo (Al-Maida, aya ya 89), njia mojawapo ni kuwavisha maskini kumi. Imam Nawawi, katika Minhaj, anasema nguo iliyokwisha kuvaliwa inatosha, madhali nguvu yake haijaondoka. Ikiwa kipimo hicho kinatumika katika kafara ya wajibu, sioni kwa nini tusikitumie katika magunia yetu. Ivute kwa mikono miwili. Ikiachia, hiyo ni tambara la kupigia deki, na kazi hiyo nayo ina heshima yake.

Tena nani kati yetu hajavaa caguwa? Neno lenyewe ni "chagua" ya Kiswahili chetu. Mnunuzi sokoni hukagua kola, zipu na mishono, asipopenda anaiacha. Anayepokea sadaka hatukumwachia nafasi hiyo. Tulimkabidhi tu, na tukangoja ashukuru. Kwa hiyo safari ya pili hatukugawa. Tulifua, tukapiga pasi, tukatandika mikeka na kupanga nguo juu yake, kisha tukasogea pembeni watu wachague wenyewe. Zilizobaki tulirudi nazo.

Vifungo na mishono midogo tulishona wenyewe. Wavulana walinung'unika kwamba hiyo si kazi yao, mpaka dada mmoja akawakumbusha kuwa Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Wakaomba sindano.

Na kabla ya Idi, wenye kanzu na mabaibui yaliyowabana tunabadilishana sisi kwa sisi, bila kununua jipya.

Shati langu nililitoa mtaroni nikalifua. Fundi amelitia kiraka kwapani, cha rangi nyingine kwa sababu ndicho alichokuwa nacho, na leo nimekuja nalo darasani.