Kete Mkononi, Macho ya Baraza Usoni: Mafunzo Niliyopata Kwenye Bao

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, zote ziko wazi kwa wachezaji wawili. Hakuna karata ya kuficha wala dadu ya kulaumu. Mimi huchezea Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, alasiri kahawa inapozungushwa na watazamaji ni wengi kuliko wachezaji. Hapo nimejifunza haya kuhusu kucheza vizuri moyo unapodunda.

1. Mkono ubaki mapajani mpaka hesabu iishe. Mtu akibanwa, vidole hutangulia akili. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyeandika kitabu mwaka 1995 juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, alichunguza jinsi wanavyofuata mzunguko mrefu kichwani kabla kete haijasogea. Ujuzi huo unafunzika, lakini haufanyi kazi mkono ukishaanza safari.

2. Nyumba, shimo kuu la mchezaji, ndiyo mtihani wenyewe. Wakati wa kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi ubaoni, ukila na kete yako ya mwisho ikaangukia nyumba yako ambayo haijavunjwa, ruhusa ni yako: ulale, uishie hapo, au usafiri, uzichukue kete za nyumba na kuendelea kuzitawanya. Hapo baraza nzima huamka. "Safiri, bwana! Unangoja nini?" Anayepiga kelele mara nyingi amehesabu nusu ya njia, haoni kwamba kete ya mwisho italala kwenye shimo tupu, na utajiri wote utakuwa umeutawanya mbele ya meno ya mwenzako.

Nilimtazama mzee mmoja akiwa katika hali hiyo, nyumba imejaa, kijana aliyekaa mbele yake anatabasamu. Mzee alichukua kikombe, akapiga funda moja, macho yakazunguka ubao huku midomo ikimcheza. "Nalala." Watu wakaguna. "Maalim, umeogopa?" akauliza kijana. "Cheza, mwanangu." Baadaye mzee alisafiri na nyumba ile ile, akala huku na huku mpaka safu ya mbele ya kijana ikabaki tupu, mchezo ukaisha. Sijaona ujasiri mkubwa kuliko ule wa kulala watu wakitaka usafiri.

3. Kitu kilichotulia hutisha kuliko kinachokimbia. Hata nje ya bao ni hivyo. Mwaka 2017, katika fainali ya soka ya CECAFA kule Machakos, Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, waliisawazishia Kenya mara mbili, mchezo ukaisha 2-2, kisha wakafungwa kwa penalti 3-2. Wakati wa kukimbia, woga hauna pa kukaa. Mpira ukiwekwa chini kwa penalti, woga unapata nafasi. Wanaocheza gofu kwenye uwanja wa mashimo 9 wa hoteli ya Sea Cliff, huko Mangapwani, wanaijua shida hiyo: mpira haukusubirishi, wewe ndiye unayejisubirisha. Dawa niliyoiona ni kuwa na utaratibu mmoja usiobadilika, uwe unaongoza au unazama.

4. Jizoeze penye kelele. Vijembe ni sehemu ya bao.

5. Nyumba ikiliwa, ubao ni mpya. Wengi hushindwa hapo, kwa sababu macho yao yanaendelea kulilia shimo lililokwisha kuwa tupu. Shusha pumzi. Hesabu kete zilizobaki mkononi, angalia vichwa na kimbi za mwenzako, yaani mashimo ya pembeni mwa safu yake ya mbele, tafuta shimo lake lenye kete nyingi lililokabiliana na lako lenye kete. Likiwapo, namua hapo.